Mafundo ya bunduki ya mshale: lipi lifungwe wapi, na kwa nini mengine huteleza (UZI)

Kamba_na_Mshale

Wakuu, kwema?

Swali la "fundo gani ndilo bora kwa bunduki ya mshale" (ile ya kuvulia samaki chini ya maji, ambayo mpira ndio unaourusha mshale) huulizwa kana kwamba jibu lake ni moja. Kwenye bunduki moja tu unafunga tundu la mshale, wishiboni (uzi unaounganisha ncha mbili za mpira na kunasa kwenye jino la mshale), ncha za mpira, rili (gurudumu la kukunjia uzi), swiveli (kiungo cha chuma kinachozunguka ili uzi usijisokote) na kamba ya boya, na kila mahali uzi wake ni mwingine. Fundo linaloshika barabara kwenye nailoni nene, ukilihamishia kwenye Dyneema (uzi wa plastiki uliosukwa) linatoka taratibu huku unalitazama. Kwa hiyo jua kwanza uzi ulioushika mkononi, fundo litafuata.

Nailoni (mshipi wa uzi mmoja), unene 1.5 hadi 2 mm. Ni ngumu, haijisokoti ovyo, inavumilia kukwaruzwa na matumbawe, na inazama. Ubaya wake ni kwamba haitaki kukunjwa, ukikaza fundo kavu inajiunguza kwa msuguano wake yenyewe, na ikilowa inapungua nguvu kwa sababu nailoni hunywa maji. Jua nalo linaila. Ukiona imekuwa nyeupe kama maziwa, ibadilishe.

Dyneema, 1.5 hadi 2.2 mm. Ina nguvu nyingi kwa unene mdogo, haivutiki, hainywi maji, na inaelea. Ubaya: inateleza kupita kiasi, inayeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 145 za Selsiasi tu, na ukingo mkali wa chuma unaikata upesi.

Polipropilini, 6 hadi 8 mm, ya kamba ya boya. Inaelea na haiozi. Lakini ni kaidi: inakumbuka umbo lake la zamani, hivyo fundo lake hulegea lenyewe likitikiswa na mawimbi bila mzigo.

Mimi napanga hivi:

- Tundu la mshale, nailoni: slivu ya kubana (kijibomba cha metali laini kinachobanwa juu ya uzi kwa koleo), au skafoldi (fundo la kitanzi kinachojikaza) ya mizunguko mitatu
- Tundu la mshale, Dyneema: fundo la nane la kurudia njia, lenye kufuli
- Swiveli na klipu, Dyneema: palomari (fundo la uzi uliokunjwa kuwa nyuzi mbili)
- Kuunganisha ncha mbili za Dyneema ziwe kitanzi: fundo la mvuvi, mizunguko mitatu kila upande
- Ncha za mpira: konstrikta (fundo la kubana)
- Kamba ya boya: kitanzi cha nane

Bolini (fundo la kitanzi kisichojikaza) sijaiweka, na ni kwa makusudi. Karibuni mnipinge.

---

Mzamiaji_Chini20

Nakupinga mkuu. Bolini inatumika kwenye vyombo vya baharini miaka nenda miaka rudi, inabeba mzigo mkubwa na bado inafunguka kwa mkono. Kwa nini isifungwe kwenye mshale?

---

Fundo_Nane

Mkuu Chini20, hoja yako ni ya kweli kwa kamba ya jahazi, yaani kamba nene yenye manyoya na iliyo chini ya mzigo muda wote. Kwenye mshale mambo mawili yanabadilika.

La kwanza ni msuguano. Bolini nzima inategemea kitanzi kidogo kimoja kinachobana ncha. Dyneema haina msuguano wa kutosha pale, kwa hiyo ncha inatambaa milimita chache kila mzigo unapokuja. Hutaiona siku ya kwanza.

La pili ni namna mzigo unavyokuja. Mshale unaruka, unasimama ghafla, samaki anavuta, anaacha, anajizungusha. Mzigo, ulegevu, mzigo, ulegevu. Bolini haipendi ulegevu kabisa. Hapo ndipo inapojifungua.

Na hiyo sifa ya kufunguka kwa urahisi, kwenye tundu la mshale ni ya kazi gani? Fundo la pale hukatwa kwa kisu likichakaa. Halifunguliwi.

Kama ni lazima uitumie (umebakiwa na uzi mfupi, kwa mfano), fanya kitanzi kidogo kiwe cha mizunguko miwili badala ya mmoja, acha ncha ya sentimita 8 hadi 10, kisha funga ncha hiyo kuzunguka uzi mkuu kwa fundo la mizunguko miwili. Ukimaliza hivyo utakuwa umefunga mafundo mawili mahali ambapo nane moja ingetosha.

Nane ya kurudia njia kwenye tundu:

1. Pima sentimita 25 kutoka kwenye ncha, fanya umbo la nane bila kukaza.
2. Pitisha ncha kwenye tundu la mshale.
3. Rudisha ncha ifuate njia ile ile ya nane, ikilala sambamba na uzi wa kwanza mpaka itokee upande uliko uzi mkuu.
4. Hakikisha nyuzi zote mbili zinalala pamoja bila kupandana. Palipopandana ndipo patakapokatika.
5. Lowesha. Kaza nyuzi nne moja moja, mwisho kaza zote kwa pamoja kwa koleo huku mshale umeukanyaga.
6. Ncha iliyobaki ifunge kuzunguka uzi mkuu kwa mizunguko miwili, iwe kufuli. Kata ukiacha sentimita 2.

Kitanzi kinachobaki kwenye tundu kiwe kidogo, kama upana wa kidole. Kikiwa kikubwa kinanasa kwenye mdomo wa bunduki mshale unapotoka.

---

Kamba_na_Mshale

Umemaliza, mkuu. Naongeza moja tu: kabla ya kupitisha Dyneema yoyote, chunguza tundu lenyewe. Mishale mingi inatoka kiwandani na tundu lenye kingo kali. Ingiza pamba ndani na uivute. Ikiacha nyuzi, tundu linakata. Tembeza kijiti chenye msasa laini ndani yake, pande zote mbili, mpaka pamba ipite safi. Bila hivyo tutabishana nane na bolini bure, maana uzi utakatika kabla fundo halijafikiwa.

---

Bi_Nanga

Nami nizungumzie nailoni, maana wengi wanaitumia na wengi wanaifunga vibaya.

Nailoni ya 1.8 mm haikubali mafundo ya ndoano. Yale ya kuzungusha mara tano au sita yaliundwa kwa mshipi mwembamba. Kwenye mshipi mnene mizunguko haikazi hadi mwisho, inabaki na mwanya katikati, na fundo linakaa limevimba. Fundo lililovimba ni fundo ambalo halijakazwa, hata kama mkono umeuma.

Skafoldi inafaa kwa sababu ina mizunguko michache na yote inabana kuelekea upande mmoja:

1. Pitisha ncha kwenye tundu, vuta sentimita 25.
2. Kwa ncha hiyo funga fundo la kawaida kuzunguka mshipi mkuu. Usikaze.
3. Pitisha ncha mara mbili zaidi ndani ya tundu la fundo hilo hilo. Sasa una mizunguko mitatu.
4. Lowesha kwa mate au maji. Hili si la hiari.
5. Shika ncha kwa koleo, vuta polepole mpaka mizunguko ipangane bega kwa bega.
6. Sasa vuta mshipi mkuu, fundo litelemke mpaka liguse chuma.
7. Kata ukiacha milimita 5, kisha yeyusha ncha kwa kiberiti cha gesi iwe kichwa kidogo kama cha msumari. Moto usiguse fundo.

Anayetaka kuhakikisha afunge mshale mahali imara, azungushe mshipi kwenye kipande cha mti na kuvuta kwa uzito wa mwili wote. Ncha ile isisogee hata kidogo. Ikisogea, kata na uanze upya. Fundo la nailoni likishateleza mara moja limekwaruzika, na kulikaza tena hakulirudishii nguvu.

---

mpira_16mm

Dada Bi Nanga, kwa nini usitumie slivu tu? Ni haraka na haina uvimbe.

---

Bi_Nanga

Slivu ni nzuri, naikubali, na kwa nailoni ya 1.6 mm kwenda juu ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Ila slivu mbaya ni mbaya kuliko fundo baya, kwa sababu kwa nje inaonekana safi.

Mambo yanayoiharibu:

Ukubwa. Nyuzi mbili ziingie kwa kusukumwa kidogo. Zikiingia huru, slivu ni kubwa mno na hakuna kubana kutakakoiokoa.

Koleo. Tumia koleo la kubania lenye vidimbwi, si la kawaida. La kawaida linaibapata slivu, na kingo zake zinageuka kuwa kisu.

Mahali pa kubana. Bana katikati, acha milimita moja au mbili kila mwisho bila kuguswa. Miisho hiyo ibaki imepanuka kidogo. Ukibana mpaka ukingoni unaitengenezea nailoni alama ya kukatikia.

Ncha. Iyeyushe iwe kichwa, halafu vuta mshipi ili kichwa kikae kwenye mdomo wa slivu. Nailoni ikitaka kuteleza, kichwa hicho kinaizuia.

Metali. Slivu ya shaba au alumini kwa nailoni, maana ni laini. Alumini ikigusana na chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi inaliwa. Ukiona unga mweupe kuizunguka, badilisha. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya kutoka baharini.

Na msitumie slivu kwenye Dyneema. Inateleza ndani yake mkiitazama.

---

Kamba_na_Mshale

Sasa tuingie kwenye mpira, maana huko ndiko makosa mengi yaliko, na fundo la mpira likiachia unapovuta, wishiboni inakurudia usoni.

Hapa nazungumzia mpira wa mita unaokatwa na kufungwa mwenyewe, wa 14, 16 au 18 mm, wenye tundu jembamba katikati. Ndani ya kila ncha kunaingia shanga iliyofungwa kwenye mwisho wa wishiboni, na nje panafungwa uzi unaobana mpira mbele ya shanga. Shanga ikivutwa kutoka inakuta shingo imebanwa. Basi. Gundi haihusiki.

Vifaa kwa mpira mmoja:

- Wishiboni: Dyneema ya 1.8 hadi 2.2 mm, kata sentimita 25 ili upate nafasi ya kufunga
- Shanga mbili zenye kipenyo cha takriban mara mbili ya tundu la mpira. Kwa tundu la 3 mm, shanga ya 6 au 7 mm
- Uzi wa kubania: Dyneema ya 1.3 hadi 1.5 mm, vipande viwili vya sentimita 60
- Kijiti cha kusukumia shanga, chenye mfereji mwembamba wa kupitisha uzi
- Bisibisi mbili, au vipande viwili vya mti, vya kuvutia

Kuingiza shanga: pitisha wishiboni kwenye shanga, funga fundo la mizunguko miwili nyuma yake na ulikaze kwa koleo. Lowesha tundu kwa maji. Msitumie mafuta ya aina yoyote, wala ya kupikia wala ya mashine, maana mafuta yanaozesha mpira kutokea ndani. Sukuma shanga mpaka iwe sentimita 1.5 ndani. Kwa nje utaona uvimbe mdogo.

Sasa konstrikta:

1. Laza uzi juu ya mpira, kati ya uvimbe wa shanga na mdomo wa mpira, ukigusa uvimbe.
2. Zungusha ncha nyuma ya mpira, irudi mbele ikivuka juu ya uzi wa kwanza kwa mshazari.
3. Zungusha tena nyuma, itokee mbele upande wa pili wa ule mshazari.
4. Sasa ncha mbili zikumbatiane mara moja, kama unapoanza kufunga kamba ya kiatu, na kukumbatiana kwenyewe kulale CHINI ya ule mshazari.
5. Funga kila ncha kwenye bisibisi, vuta kushoto na kulia kwa nguvu zote mpaka uzi uzame kwenye mpira.

Hatua ya 4 ndiyo fundo lenyewe. Ukipitisha ncha chini ya mshazari bila kukumbatiana na mwenzake, umefunga pindi mbili za kawaida, na hizo zinalegea mpira ukivutwa. Tazama kwa karibu kabla ya kukaza: juu uone mshazari mmoja tu, na chini yake ncha zimepishana zikitokea pande mbili tofauti.

Wengi huzungusha mara tatu badala ya mara mbili, mishazari ikawa miwili inayofuatana. Kwa mpira wa 18 mm na zaidi nami naungana nao.

Maliza kwa fundo la kufunga mara mbili juu yake: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Kata ukiacha milimita 5. Usiyeyushe karibu na mpira.

---

mpira_16mm

Nyongeza kwa wanaotumia bunduki yenye mdomo wa tundu lililofungwa (limezungukwa pande zote, mpira hupenyezwa ndani yake): pitisha mpira kwenye mdomo wa bunduki KABLA ya kufunga ncha ya pili. Likishafungwa, lile fundo na shanga havipiti. Kila mwezi kuna mtu anaikata kazi yake aliyoimaliza vizuri.

Halafu uzi wa kubania usiwe mwembamba kuliko 1.2 mm. Mwembamba unabana sana, ndiyo, lakini unakata ngozi ya mpira na ufa unaanzia hapo. Mpira haupasuki siku hiyo, unapasuka wiki kadhaa baadaye ukiwa umevutwa.

---

Kijana_wa_Rasi

Wakuu shikamooni. Ninaomba kuuliza mawili. Mpira nikate urefu gani? Na wishiboni ikikamilika ibaki na urefu gani?

---

Kamba_na_Mshale

Marahaba kijana.

Urefu wa mpira: pima kutoka mahali mpira unapopita mdomoni hadi kwenye jino la mshale (mkato au pezi ya kunasia wishiboni) utakalotumia. Zidisha kwa 2, kwa sababu mpira una miguu miwili. Gawanya kwa 3.5 ukitaka nguvu, kwa 3 ukitaka wepesi wa kuvuta. Ongeza sentimita 3 zinazomezwa na mafundo. Mfano: sentimita 85 mara 2 ni 170, gawanya kwa 3.5 unapata karibu 48.5, ongeza 3, kata 51.5. Anayeanza aanze na 3.

Wishiboni: ukishaifunga, uwazi kati ya mdomo mmoja wa mpira na mwingine uwe sentimita 4 hadi 5. Ikiwa fupi mno inakuwa na pembe pana kwenye jino la mshale na mzigo juu ya uzi unaongezeka sana. Ikiwa ndefu mno unapoteza mvuto wa mpira bure. Pande zote mbili zilingane. Ukiona uzi umekaa upande mmoja kwenye jino, shanga moja imeingia ndani zaidi ya mwenzake.

Angalia na jino lenyewe. Meno yaliyochongwa kwenye mwili wa mshale yana kingo kali zaidi kuliko pezi zilizochomelewa. Chukua tupa ndogo, vunja ukali, maliza kwa msasa. Wishiboni ya Dyneema ikianza kutoa manyoya pale katikati, usisubiri.

Na la mwisho: mpira mpya haujaribiwi nchi kavu kwa kuvuta kwenye mshale. Bunduki inavutwa ndani ya maji tu. Ukitaka kujaribu fundo, funga wishiboni mahali imara, vuta mpira kwa mkono, uso ukiwa pembeni na macho yamekingwa.

---

Mzamiaji_Chini20

Haya, bolini nimeiweka chini. Lakini tuambieni kuhusu rili. Dyneema ya rili inaunganishwaje na nailoni ya mshale? Naona watu wanafunga moja kwa moja.

---

Fundo_Nane

Moja kwa moja usifunge, mkuu. Uzi mwembamba na mgumu juu ya nailoni unaizama na kuikata. Kuna njia mbili.

Njia ya swiveli. Upande wa Dyneema funga palomari: kunja sentimita 20 za mwisho ziwe nyuzi mbili, pitisha kitanzi kwenye jicho la swiveli, funga fundo la kawaida kwa uzi huo uliokunjwa bila kukaza, kisha upitishe swiveli nzima ndani ya kitanzi. Lowesha, vuta uzi mkuu na ncha kwa pamoja. Palomari inaishika Dyneema kwa sababu nyuzi mbili zinapita kwenye jicho, si moja, na msuguano unagawanyika. Angalia kitanzi kisibaki kimekwama juu ya jicho. Kishuke chote mpaka kwenye shingo. Upande wa nailoni, slivu.

Njia ya vitanzi viwili. Nailoni inamalizika kwa kitanzi cha slivu. Dyneema inamalizika kwa kitanzi kirefu cha sentimita 15 au zaidi, kinapitishwa kwenye kitanzi cha nailoni, halafu rili yote inapitishwa ndani yake. Pitisha mara mbili, si mara moja, ili Dyneema ilale kwa upana mkubwa zaidi juu ya nailoni. Faida yake ni kwamba hakuna swiveli, na kiungo kinapita kwenye pete ya mdomo wa bunduki bila kugonga.

Mwanzo wa uzi kwenye rili: kama gurudumu lina tundu, pitisha uzi humo na ufunge skafoldi ile ile kuzunguka gurudumu. Kama halina, bandika kwanza mzunguko mmoja wa plasta ya kitambaa, la sivyo Dyneema yote itazunguka juu ya gurudumu kama mkanda uliolegea na hutaelewa kwa nini rili haivuti. Ukijaza, vuta uzi kwa mkono ukiwa na mkazo, maana uzi uliojazwa kwa ulegevu unazama kati ya mizunguko ya chini na kunasa samaki anapokimbia. Acha milimita 2 au 3 kabla ya ukingo.

---

Kijana_wa_Rasi

Na lile fundo la mvuvi la mizunguko mitatu? Hatujapewa hatua zake.

---

Bi_Nanga

Ukijua skafoldi, umeshalijua. Laza ncha mbili zikielekeana, zipishane sentimita 20. Kwa ncha ya kulia funga fundo la kawaida kuzunguka uzi wa kushoto na upitishe mara mbili zaidi. Kwa ncha ya kushoto fanya hivyo hivyo kuzunguka uzi wa kulia. Vuta nyuzi kuu, mafundo mawili yakutane. Yakikaa vizuri, upande mmoja utaona mishazari inayolala pamoja bila mwanya. Kama mafundo yanapishana vibaya na kuacha pengo, moja umelizungusha kinyume, fungua.

Mizunguko miwili inatosha kwenye kamba ya nailoni. Kwenye Dyneema weka mitatu. Acha ncha za sentimita 2 hadi 3, na msizihesabie usalama kwa kuziyeyusha: Dyneema iliyoyeyuka inafanya donge linalovunjika, haifanyi kichwa kama nailoni.

---

Fundo_Nane

Wanaotaka kuepuka mafundo kabisa kwenye Dyneema wana njia ya kuizamisha ndani yake yenyewe. Inawezekana tu kama uzi ni mtupu katikati, uliosukwa bila moyo ndani. Fundo la kawaida huiachia Dyneema karibu nusu ya nguvu yake. Kuizamisha vizuri huiachia karibu yote.

Kanuni ya urefu wa kuzamisha ni unene wa uzi mara 72. Uzi wa 2 mm unazamishwa milimita 144, sema sentimita 15. Chukua waya mwembamba uliokunjwa katikati, upenyeze ndani ya uzi mkuu kutoka mbali kuja kwenye kitanzi, shika ncha, uivute iingie. Kabla ya kuvuta, punguza ncha kwa kukata nyuzi chache chache kwenye sentimita 4 za mwisho ili iishe kwa wembamba. Ikiishia ghafla, pale inapoishia ndipo uzi utakapokatika. Kisha sukuma ganda la nje likumbatie. Uzi usipokuwa na mzigo, ncha inaweza kujitoa, kwa hiyo shona mishono mitatu au minne ya uzi mwembamba kupita katikati.

Fanyeni mezani, si kwenye ngalawa.

---

Kamba_na_Mshale

Kamba ya boya haina mengi. Kitanzi cha nane kila mwisho, klipu kwenye kitanzi, ncha ya sentimita 10 iliyofungwa kuzunguka kamba kuu kwa mizunguko miwili. Urefu uwe zaidi ya kina unachozamia, mara moja na nusu ni kiasi kizuri penye mkondo. Fundo lolote lililo katikati ya kamba litanasa kwenye mwamba, kwa hiyo kama kamba imekatika, tupa kipande na uanze na nzima.

Kamba ya boya inafungwa kwenye bunduki. Haifungwi mwilini, haifungwi mkononi, na haipitishwi kwenye mkanda wa risasi (ule wa uzito wa kuzamia). Kitanzi cha kushikia kikiwepo, kiwe kipana kiasi mkono utoke bila kufungua chochote. Na kisu kikae mahali mikono yote miwili inafika. Kijaribuni kwenye Dyneema ile ile mliyonayo, ikiwa imelegea, kwa sababu kisu kinachokata nailoni vizuri kinaweza kuikwaruza tu Dyneema iliyolegea. Kisu chenye makali ya meno kama msumeno kinafaa zaidi hapo.

---

mpira_16mm

Swali la mwisho kwangu: uzi ukishakatika, tunajuaje kosa lilikuwa fundo au uzi?

---

Bi_Nanga

Tazama ncha iliyobaki mkononi kabla ya kuikata na kuitupa.

Nailoni iliyojikunja kama mkia wa nguruwe: fundo limeteleza mpaka likafunguka. Hapo uzi hauna kosa. Ulikaza kavu, au ncha ilikatwa fupi mno.

Nailoni iliyokatika safi, na nyeupe pale ilipoingia kwenye fundo: fundo lilishika lakini limejiunguza, au nyuzi zilipandana.

Nailoni iliyokatika mbali na fundo, ikiwa na mikwaruzo sentimita kadhaa kabla: ni mwamba. Kata mita moja nzima.

Dyneema yenye manyoya marefu yasiyolingana: imesagwa taratibu, tafuta tundu au jino la mshale lenye ukali. Dyneema iliyokatika sawasawa kama kwa wembe: imepita kwenye ukingo mkali chini ya mzigo. Dyneema yenye ncha ngumu inayong'aa, na hukuichoma: imeteleza kwa kasi ndani ya fundo ikayeyuka.

Kwa mpira, angalia ule uzi wa kubania. Ukiwa bado uko mahali pake na shanga imetoka, shanga ilikuwa ndogo. Ukiwa umesogea kuelekea mdomoni pamoja na shanga, haukukazwa. Ukiwa uko mahali pake na mpira wenyewe umepasuka nyuma yake, uzi ulikuwa mwembamba, au mpira umezeeka juani: ukunje kwa vidole, ukiona nyufa ndogo ndogo juu ya ngozi yake, kata mwingine.

---

Kijana_wa_Rasi

Nimeshika. Naanza na pamba kwenye tundu la mshale, kisha wishiboni. Nikifunga konstrikta nitaweka picha hapa kabla ya kukaza.

---

Kamba_na_Mshale

Piga picha mbili, kijana: moja kutoka juu tuone mshazari, na nyingine kutoka ubavuni tuone uzi umekaa umbali gani na shanga. Ya juu peke yake haitoshi kutofautisha konstrikta na pindi mbili za kawaida.